Dakika ya Sekunde Hamsini na Moja

Korido ya mafundi nyuma ya soko si mahali pa kupendania. Ni nyembamba, inanuka gundi na waya wa moto, na ikifika saa nne asubuhi watu hupita humo ubavuubavu. Redio tatu hupigwa kwa wakati mmoja, kila moja na lake. Hata hivyo hawa wawili yaliwakuta humo humo, kati ya muuza betri na mshona viatu, mbele ya meza ya kioo iliyoandikwa kwa rangi nyekundu: SAA ZOTE.

Mwenye meza alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, lenzi ya jicho moja ameipandisha kwenye paji la uso. Kazi aliijua. Tatizo lake ni kwamba alijua kuwa anaijua. Kwa miaka tisa hakuna saa iliyorudishwa mezani kwake na malalamiko, na jambo hilo alilisema hata kwa watu wasiomuuliza.

Mwanamke aliyesimama mbele yake alivaa gauni la njano, aproni ya buluu ya zahanati juu yake, na viatu vya plastiki vyenye tope la mitaa ya chini. Mgongoni alibeba begi kubwa, na ndiyo sababu mtaa mzima ulimwita Dada Begi.

"Habari ya kazi, fundi. Saa yangu imesimama."

Fundi aliipokea. Ilikuwa saa ya ufunguo ya kubandika kifuani, aina waliyovaa wauguzi wa zamani.

"Hii ya bibi yako?"

"Ya mama mkubwa, Mungu amrehemu. Alikuwa mkunga. Aliniachia hiyo na ubishi wake."

"Ubishi nauona. Saa sijaifungua bado. Njoo kesho kutwa."

"Naitaka sasa hivi. Nina watoto sita kabla ya saa nane."

Fundi alimtazama juu mpaka chini. "Watoto sita! Hongera. Baba yao anasemaje?"

"Baba zao. Nao wako sita."

Muuza betri alicheka mpaka akashika meza. Dada Begi alingoja amalize, kisha akaeleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza. Yeye ni mhudumu wa afya wa jamii. Huwafuata vichanga nyumbani kwao, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, kisha kila wiki mpaka miezi miwili. Anatazama kitovu, anatazama unyonyaji, na anahesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Kichanga akifikisha pumzi sitini anahesabiwa tena kwa uhakika, na ikibaki sitini au zaidi anakwenda zahanati papo hapo. Chini ya hapo, hesabu moja inatosha. Kipima pumzi, kile kisaa cha dakika alichopewa kazini, kilikuwa kimekufa.

"Saa ngapi sitaki kujua, simu ninayo," alisema. "Nataka dakika. Moja tu, lakini iwe nzima."

"Watu wote huja hapa wakitaka saa. Wewe unataka dakika."

"Unayo au huna?"

Alikuwa nayo. Baada ya nusu saa mshale wa sekunde ulikuwa unatembea.

"Nitajuaje kwamba imepona?"

"Nimeitengeneza mimi."

"Hilo si jibu. Kaa. Usiseme."

Akainua ile saa, akakazia macho kifua cha shati jeupe kwa dakika nzima. Fundi hakuwa amewahi kutazamwa hivyo na mtu asiyekuwa daktari.

"Ishirini na sita," alisema Dada Begi. "Mtu mzima aliyeketi hafiki huko. Unaumwa?"

"Ulipofika nilikuwa mzima."

Hapo ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza, na fundi akasahau kumwambia bei.

Jambo ambalo Dada Begi hakumwambia siku hiyo ni hili. Kabla hajaanza kazi, mitaa ya chini ilizika watoto wachanga wanane katika mwaka mmoja. Tangu aanze ilikuwa imepita miezi kumi na minne na hajazikwa hata mmoja. Hesabu hiyo hakuisema kwa mtu. Aliogopa kwamba akiisema itavunjika.

Simu zilianza wiki hiyo hiyo, kila alasiri Dada Begi akiwa njiani kurudi.

"Leo wangapi?" fundi angeuliza.

"Watano. Mmoja amenikojolea."

"Ana bahati. Mimi hata kukuona sikuoni."

"Wewe nani akuhesabu? Umri umekupita."

"Nimepitwa na umri, sijapitwa na pumzi. Njoo unihesabu."

"Acha mchezo, bwana. Nina mlango mmoja umebaki."

Siku moja simu ilianguka katikati ya maneno kama hayo. Dada Begi alikanyaga jiwe, simu ikaruka, kioo kikapasuka kona mpaka kona. Kesho yake fundi alimletea kava la ngozi nyeusi, zuri, lenye kifuniko kinachojifunga chenyewe.

"Sikiliza," alisema, akalifunga. Tap. "Lina sumaku. Hata ikianguka haifunguki, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Dada Begi alilifungua akalifunga mara tatu kwa furaha, tap, tap, tap, akalitia mfuko wa mbele wa begi. Mfuko huo huo ndimo saa ilimokaa. Fundi alikuwa anamtazama. Mtu mwenye miaka tisa ya kazi anajua sumaku inavyoitenda saa ya ufunguo. Ndani mwake kuna springi nyembamba kuliko unywele, na ikishikwa na sumaku mizunguko yake hugandana, saa ikakimbia. Alijua hilo kama anavyolijua jina lake. Siku hiyo alikuwa anatazama macho, mkono hakuutazama.

Na kwa kuwa saa ile haikutumiwa kujua majira, hakuna aliyeona kwamba inakimbia.

Fundi alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyepanga chumba kimoja mitaa ya chini. Mumewe dereva wa malori, wiki nyumbani, wiki tatu njiani. Alikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, mwenye siku ishirini na mbili. Huyu mdogo mtu hakungoja posa wala barua. Siku ya kwanza tu kusikia habari zile alianza kumwita Dada Begi wifi.

"Wifi, pita ndani. Mjomba wake mtu hajambo?"

"Simjui mjomba wa mtu mimi. Mtoto anaendeleaje?"

"Humjui, na kava lake umebeba! Mtoto ana kikohozi kidogo tu. Jana hakulala vizuri."

Dada Begi alinawa mikono, akamfunua mtoto kifua, akaitoa saa. Akahesabu bila kuharakisha, midomo ikicheza. Mshale ulipomaliza mzunguko alikuwa amefika hamsini na tano.

"Hamsini na tano," alisema, akaandika. "Chini ya sitini. Mnyonyeshe mara kwa mara, mfunike vizuri. Ukiona ananyonya kwa shida, usiningoje, kimbia zahanati."

"Hamsini na tano," alirudia mama mtu, akacheka kwa nafuu. "Nilishaanza kuogopa, wifi."

Kwa saa isiyokimbia, dakika ya mtoto yule ingekuwa na pumzi sitini na tano.

Asubuhi ya pili yake mama alimbeba mtoto mbio mpaka zahanati, kanga moja begani na viatu viwili visivyofanana. Midomo ya mtoto ilikuwa imeingia bluu. Muuguzi mkuu, ambaye wote humwita Sista, alihesabu sabini na nane na kuona kifua kinabonyea kila pumzi. Nimonia. Kufikia saa tatu mtoto alikuwa hospitali kubwa, ana mpira wa oksijeni puani.

Dada Begi aliwakuta kwenye benchi la nje ya wodi. Fundi alikuwa amesimama, mdogo wake ameketi.

"Ulisema hamsini na tano," alisema mama mtu bila kuinua kichwa. "Nimekaa siku nzima ya jana nikijiambia hamsini na tano. Anakohoa, najiambia hamsini na tano. Hanyonyi vizuri, nasema labda amelala tu, si hamsini na tano?"

"Nilihesabu," alisema Dada Begi.

"Ulihesabu, au ulikuwa na haraka ya mlango mwingine?" Huyo alikuwa fundi.

Alimgeukia taratibu. "Unaniuliza mimi hivyo?"

"Nauliza tu. Saa ni nzima, nimeitengeneza mimi. Sasa kama saa ni nzima…"

Dada Begi alifungua mfuko wa mbele wa begi, akaichomoa simu kutoka kwenye kava, akamwekea kava mkononi, na saa juu yake.

"Shika saa yako nzima," alisema, akaondoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Sista akavua aproni. Sista hakuipokea.

"Kaa nyumbani mpaka nikuite," alimwambia. "Aproni kaa nayo."

Alikaa. Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta na dirisha lililotazama ukuta. Kwa siku tatu alirudia hesabu ile kichwani, moja, mbili, tatu, akitafuta mahali aliporuka. Hakupaona, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, maana mtu asiyeona kosa lake atalirudia. Aliumia pia kwa fundi, na aliumia sana, lakini hilo alilipa zamu ya pili.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, fundi aliamua kuiweka saa ile mahali asipoiona. Kabla ya kuitia kwenye droo aliitia ufunguo, kwa mazoea tu, akailaza kwenye kioo karibu na saa yake ya kupimia. Macho yake yalizitazama zote mbili kwa mazoea hayo hayo. Mshale mdogo ulimaliza mzunguko. Ule wa saa ya kupimia ulikuwa bado uko hamsini na moja.

Alirudia, ikawa hamsini na moja tena.

Akachukua dira ndogo iliyokuwa kwenye kisanduku cha vifaa, akaisogeza. Sindano ya dira iliyumba ikaifuata saa. Akatoa mfukoni lile kava jeusi, akaliweka mezani, na hakuhitaji dira tena.

Tumpe haki yake: aliwaza. Kushoto kwake kulikuwa na kifaa cha kuondoa sumaku. Sekunde kumi tu, saa ingepona, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angejua. Miaka tisa ingebaki miaka tisa. Aliwaza kwa muda uliomtosha mshona viatu kumaliza soli moja. Kisha akapiga hesabu nyingine. Kava lilikaa kwenye begi lile siku kumi na sita. Mpwa wake si mtoto peke yake mitaa ya chini.

Akafunga meza mchana kweupe. Muuza betri alidhani kafiwa.

Sista aliilaza saa chini ya saa ya ukutani ya zahanati, akatazama mishale kwa dakika mbili.

"Nani aliiweka na sumaku?"

"Mimi."

"Na nani alimwambia yule binti kwamba hakuhesabu?"

"Mimi pia, Sista."

"Umejitahidi." Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu. "Ukimtoa mpwa wako, wamebaki vichanga kumi na mmoja waliopimwa kwa saa hii. Wote wahesabiwe leo, jua halijazama. Mpigie."

Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ilikatwa. Fundi akaandika ujumbe, akaufuta maneno ya mapenzi yote, yakabaki haya: "Saa inakimbia. Dakika yake ni sekunde 51. Kosa ni langu, ni sumaku ya kava. Hukuruka hesabu. Kuna watoto 11."

Simu iliita kabla hajaishusha.

"Orodha anayo nani?"

"Sista. Mpenzi, nisikilize, mimi…"

"Nakuja. Usiiguse hiyo saa."

Alifika amevaa aproni. Uso ulikuwa umepungua, macho yamevimba, na fundi alitamani ardhi ipasuke. Sista alimpa kipima pumzi cha zahanati, kile kimoja kilichobaki. Kwa fundi akasema, "Wewe utakwenda naye. Mlango kwa mlango."

Walishuka mitaa ya chini. Penye mlango wa kwanza Dada Begi alibisha, akaingia, akamgeukia. "Waambie."

"Saa aliyonihesabia… aliyomhesabia mtoto wenu ilikuwa na kosa," alisema fundi, ulimi mzito. "Kosa ni langu mimi fundi. Yeye alihesabu sawa."

Alisema hivyo penye kila mlango. Wa pili alitukanwa. Wa nne bibi mmoja alimuuliza kama hata hesabu ya watoto wa watu ni ya kuchezea. Wa sita mama mtu alicheka: "Kumbe saa ilikuwa na haraka kuliko mwenyewe!" Kufika wa nane shati jeupe lilikuwa limerukiwa na tope hadi kifuani, na sentensi ile alikuwa anaitamka bila kukwama.

Watoto tisa walikuwa salama. Mlango wa kumi ulikuwa wa chumba cha mwisho uani. Msichana wa siku kumi na nane amelala, hakohoi, hana homa. Dada Begi alihesabu: sitini na nne. Akangoja mtoto atulie, akahesabu tena: sitini na sita.

"Mbona analala vizuri tu?" aliuliza mama yake.

"Vaa viatu, mama. Twende."

Fundi alibeba mfuko wa nguo mbele yao akiwaomba watu njia. Mtoto alichomwa sindano ya kwanza jua likiwa bado liko juu ya mapaa. Mtoto wa mlango wa kumi na moja Dada Begi alirudi kumhesabu peke yake: hamsini na moja. Sista, ambaye hana tabia ya kutia chumvi, alisema yule msichana asingeimaliza wiki.

Kwenye ngazi za zahanati fundi alijaribu. "Nisamehe kwa ile sumaku."

"Sumaku nilikusamehe tangu mlango wa tatu." Alikuwa anafuta viatu, hakumtazama. "Pale hospitalini tulikuwa wawili mbele yako, mimi na saa. Ukachagua saa."

"Kwa sababu niliitengeneza mwenyewe."

"Ndiyo. Mimi hukunitengeneza, ndiyo maana huna imani na mimi. Nenda kamwone mpwa wako, fundi."

Alimwita fundi, si kwa utani. Naye alikwenda nalo jina hilo mpaka hospitali, na huko akayasema yote mbele ya mdogo wake. Mdogo wake alimsikiliza, akamwambia atoke nje kwanza.

Mtoto alitolewa oksijeni siku ya sita. Siku ya kumi na moja walirudi nyumbani.

Sista alitunga sheria: kila asubuhi, kabla ya kutoka, saa na vipima pumzi vya wahudumu wote tisa vilinganishwe na saa ya ukutani. Hakumwita fundi. Fundi alikuja mwenyewe, saa moja na nusu, shati limepigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Saa ya mama mkubwa alikuwa ameiondoa sumaku na kuirudisha kwa mkono wa Sista, pamoja na kopo dogo la bati la kuihifadhia peke yake. Dada Begi alikuwa wa mwisho kwenye foleni kila siku.

"Sitini?" angeuliza.

"Sitini," angejibu fundi.

Mazungumzo yao yote kwa wiki nne yalikuwa hayo. Wahudumu wengine walianza kuchelewa kutoka ili wayasikie. Wiki ya pili neno lilikuwa kavu. Wiki ya tatu Dada Begi aliuliza "sitini?" akiwa anatazama mkono wake badala ya saa. Wiki ya nne fundi alishikwa na mafua, hakuja siku moja, na Dada Begi alimuuliza Sista mara tatu ni saa ngapi, huku simu iko mkononi.

Mtoto alipotimiza miezi miwili ilikuwa zamu ya ziara ya mwisho. Dada Begi alibisha mlango akijua nani atafungua. Tangu hospitalini mama mtu alimpokea kwa heshima, akimwita mhudumu, na neno hilo lilikuwa linamchoma kila wiki. Ndani alikuta mtoto amenona, na mjomba wake amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Karibu, mhudumu," alisema mama mtu. "Leo na mimi nahesabu. Nimeshachoka kuambiwa."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Dada Begi. "Macho kwenye kifua, usitazame uso."

Wakahesabu wote watatu, kila mmoja kimoyomoyo, saa ya mama mkubwa katikati yao.

"Arobaini na nne," alisema Dada Begi.

"Arobaini na nne!" alisema mama mtu, sauti ikapanda. "Kaka, wewe?"

"Mimi nimepotelea kwenye thelathini."

"Ulikuwa unatazama wapi?"

Fundi alisimama kutoka kwenye ndoo. "Kila asubuhi natembea nusu saa kuja kulinganisha saa moja," alimwambia Dada Begi. "Nyingine nane ni visingizio. Nimechoka kutembea."

"Basi usije."

"Nataka saa hiyo itoke asubuhi nyumbani ninamolala. Na ukiniambia umehesabu, sitauliza tena. Hata saa ikikataa."

Mtoto akapiga chafya.

"Hiyo ndiyo posa?" aliuliza Dada Begi.

"Ndiyo."

"Kaa. Usiseme."

Fundi akaketi. Dada Begi aliinua saa akatazama kifua cha lile shati, dakika nzima.

"Thelathini na mbili," alisema. "Unaumwa vibaya. Nenda kamwone baba yangu."

Mama mtu alimpakata mwanawe vizuri, akawatazama wote wawili.

"Wifi," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya benchi, "si ulisema ikiwa juu inahesabiwa mara mbili?"

Dada Begi aliitazama saa mkononi, akakuta imeshaloa machozi yake. Akaifuta kwa aproni, akaanza tena kuhesabu.